Mfano wa Kuigwa wa Kifanya

Mgeni alifika Kifanya siku ya Alhamisi, jua likiwa limeshapanda ingawa hakuna aliyeliona kwa ukungu, na Kefa bado yuko kitandani akitazama mapao ya nyumba.

"Hodi hapa! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuongea huku injini inanguruma. Kefa alijivutia blanketi hadi puani. Kuitikia hodi haikuwa kazi yake tena. Ilikuwa kazi ya dada yake Hulda, aliyekuwa uani akipukuchua mahindi, na Hulda alipenda wageni kuliko sukari.

"Karibu baba. Kamwene."

"Nzuri tu, mama," mgeni akajibu, badala ya kurudisha kamwene, na kwa jibu hilo Kefa akajua kwamba mtu huyu si wa huku.

"Umepotea njia?"

"Sijapotea. Namtafuta ndugu Kefa. Nimetoka Makambako, naitwa Halfan. Sista Anyisile wa kliniki ya Njombe ameniambia, nenda Kifanya ukamwone Kefa, mtu anayeishi kwa matumaini. Ndiye mfano wetu wa kuigwa."

Punje chache zikadondoka kwenye ungo.

"Mfano wa nini?" Hulda akauliza.

"Wa kuigwa."

"Kefa huyu? Wa humu ndani?"

"Kwani mnao wangapi?"

"Mmoja tu, na huyo mmoja ametutosha. Kaa hapo kwenye kigoda, baba, nikuamshie mfano wako."

Kefa alifumba macho. Sasa alikumbuka. Miezi kadhaa nyuma, Sista Anyisile alimwuliza kama angekubali kutembelewa na watu waliopima karibuni, awatie moyo kidogo. Yeye akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kutikisa kichwa ndiyo njia iliyokuwa fupi kuliko zote za kufika mlangoni. Sista akamshika mkono kwa furaha. Kefa akarudi nyumbani, akalala, akasahau.

Na kwa nje, Sista hakukosea. Ukimtazama Kefa ungesema ndiye. Miaka miwili kabla ya hapo alipelekwa hospitali juu ya magunia ya viazi, mwepesi kuliko gunia lolote kati ya yale. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Kwaya ya usharika ilikuwa imeshafanya mazoezi ya nyimbo za kumzika, sauti zote nne, na inasemekana zilikuwa zimekaa vizuri sana. Kisha zikaja dawa za kurefusha maisha, za bure, na Kefa akaanza kumeza. Mashavu yakarudi. Suruali zikaanza kukataa kufunga. Kwaya ikaweka nyimbo zake akiba.

Mwili ulipona, ila moyo haukupewa taarifa. Haikuwa huzuni. Huzuni Kefa aliijua. Alimzika mke kwa huzuni, na huzuni ile ilikuwa na machozi na watu na chai ya rangi. Hii haikuwa na kitu. Ilikuwa kama mtu amepita ndani yake na kuzima redio. Maisha yalikuwa yamerefushwa kweli, kama suruali inavyoshushwa pindo, lakini mvaaji hakuwa na safari. Palipokuwa na mvua, alilala kwa sababu ya mvua. Mvua ilipokatika, alilala kwa sababu ya baridi. Kuku mmoja wa Hulda alikuwa ameshahamia kwenye buti la shamba la Kefa na kutaga humo, wala hakuna aliyemsumbua. Hulda aliita hali ile uvivu. Kefa hakubisha, maana hakuwa na jina lililo bora zaidi.

"Amka," Hulda alisema mlangoni. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. "Kuna baba wa watu ametoka Makambako kuja kukuiga. Sasa sijui aanze na kukoroma au aanze na kunuka."

"Mwambie nimesafiri."

"Nimeshamwambia upo. Mimi sisemi uongo kabla ya chai."

Kefa aliamka. Alivaa shati, akatoka, na ni baada ya kusalimiana ndipo alipogundua kwamba amelivaa ndani nje.

Halfan alikuwa mtu mkubwa, wa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono na viatu vilivyong'aa mpaka pale tope la Kifanya lilipovifikia. Alikuwa ameshika mfuko wa tende kwa mikono miwili. Waliingia sebuleni. Hulda aliwaachia nafasi wazungumze, yaani alihamishia ungo wake chini ya dirisha.

"Ndugu yangu," Halfan alianza kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, "mimi ni dereva, nina Fuso yangu mwenyewe. Nimepimwa Njombe. Sikupima Makambako, nisionekane. Kule kliniki nikakuta watu wa Makambako tupu, wote wamekuja Njombe wasionekane. Nikauliza, watu wa Njombe wako wapi? Nikaambiwa wameenda Ikonda, wasionekane. Wale wa Ikonda sijui wanakwenda wapi. Labda wako kwetu."

Kefa alisikia kitu kikisogea kwenye kona za mdomo wake. Alishtuka. Kilikuwa kicheko, na hakikuwa kimepita hapo siku nyingi.

"Dawa wamenipa," Halfan akaendelea. "Sijameza hata kidonge kimoja. Nimevifungia kwenye gari. Kila nikivishika najiuliza, nirefushe nini? Basi nimejiwekea nadhiri: nitakwenda kumwona huyo mtu kwa macho yangu. Nikimkuta anaishi kweli, naanza kumeza. Nikikuta ni wa kwenye bango tu, namwachia Mungu, nisimsumbue mtu."

Alimtazama Kefa kama mtu anavyolitazama yai juani kujua kama ndani kuna kifaranga.

Hapo ndipo Kefa alipotakiwa kusema ukweli. Alitakiwa kusema: ndugu yangu, toka Pasaka sijatoka kitandani kabla ya adhuhuri, rudi Njombe ukatafutiwe mwingine. Maneno yalikuwepo. Lakini macho ya yule bwana yalikuwa mekundu na yamevimba, macho ambayo Kefa aliyafahamu kwa sababu aliyaona kwenye kioo chake mwenyewe, na mdomo wake ukafunguka ukaanza kusoma mabango ya ukutani kliniki, moja baada ya jingine, kuanzia lile la mlangoni.

"Jambo la kwanza ni kula mboga za majani."

"Unakula?"

"Sana. La pili, kuepuka mawazo."

"Unayaepukaje?"

"Nafanya mazoezi. Hilo ndilo la tatu."

"Mazoezi gani?"

Kefa alitazama nje akiomba msaada. Nje kulikuwa na kilima. "Napanda kile kilima. Kila siku."

Chini ya dirisha Hulda alipaliwa.

"Kila siku!" Halfan alisimama, uso umemchangamka. "Basi twende. Nataka kuona."

Walipanda. Kefa alipofika robo ya njia alihisi mapafu yake yanataka kutokea masikioni. Akasimama, akanyoosha mkono. "Hapa unaliona bonde lote, hadi kwenye msitu wa misindano." Halfan alitazama. Mbele yao kulikuwa na ukungu mweupe kama maziwa. "Naona," akasema kwa adabu. Walisimama tena palipotakiwa kuonekana kanisa, na tena palipotakiwa kuonekana barabara ya Songea, na tena mahali ambapo Kefa hakuwa na pumzi ya kusema panaonekana nini, akaelekeza kidole tu.

Hapo wakamsikia mtu anashuka. Alikuwa Odilo, jirani, na mbao begani.

"Kamwene! Kefa? Umefufuka?"

"Kamwene. Kifua kimepungua," Kefa alisema. Kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba ugonjwa wa Kefa ni kifua.

"Na huyu mwenzetu?"

"Ni... mteja wa viazi."

Odilo alitua mbao zake hapo hapo. Zamani mazao yalinunuliwa na ushirika, upende usipende; tangu soko liwe huria, kila mgeni mwenye kitambi ni mnunuzi. Odilo alikuwa na viazi. Alivieleza kimoja kimoja. Halfan, aliyekuja kutafuta sababu ya kuishi, alijikuta kwenye mteremko wenye baridi akibishana kuhusu ujazo wa gunia la lumbesa, lile linalojazwa hadi kupita mdomo, na kwa kuwa damu ya biashara haisahau, akavinunua.

Kileleni walikaa kwenye jiwe, wakitweta.

"Na Jumapili?" Halfan aliuliza. "Jumapili nayo unapanda?"

"Jumapili nanadi. Kanisani."

Hili lilikuwa kweli, au lilipata kuwa kweli. Kwa miaka mingi Kefa ndiye aliyekuwa mnadi wa usharika. Ibada ikiisha, watu walitoka nje, na yeye akapanda juu ya kreti akaziuza sadaka za mazao: kuku, maboga, mayai, hata siku moja beberu aliyekuwa ameshaanza kula mapambo ya ndoa. Walisema Kefa angeweza kukuuzia boga ulilolileta mwenyewe, ukaenda nalo nyumbani umefurahi.

"Jumapili hii ni Sikukuu ya Mavuno," Hulda alisema waliporudi, huku akimimina chai na sura yake ikiwa ya mtu asiye na hatia. "Mnada mkubwa wa mwaka. Mfano wetu hawezi kukosa."

"Basi nitakuja," Halfan alisema. "Nikikuona unanadi, jioni hiyo naanza vidonge. Wallahi."

Kefa alikuwa na kiazi mdomoni, na mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni hawezi kukataa lolote.

Mgeni alipoondoka, Hulda alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla. "Lakini umesikia alichosema? Unajua umebeba nini?"

Kefa alijua. Alirudi kitandani, akajifunika, akageukia ukuta. Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule, usingizi ulimkataa.

Kesho yake alipanda gari kwenda Makambako. Alikuwa anakwenda kujiuzulu. Njiani, kupita Njombe na mashamba ya chai ya Kibena, alijipangia hotuba: mimi si mfano, sijawahi kuwa mfano, Sista amekosea, tafadhali meza dawa zako kwa sababu nyingine yoyote utakayoipata.

Makambako ilikuwa vilevile, upepo na vumbi na malori yaendayo Zambia, na vijana wanaokuuzia soksi kabla hujashuka. Nyumba ya Halfan hakusumbuka kuipata. Kila mtu aliijua Fuso iliyoandikwa nyuma HATUKIMBII TUNAWAHI. Ilikuwa imeegeshwa kando ya nyumba, na chini yake kuku walikuwa wamechimba makazi ya kudumu. Mkewe Halfan, Safina, alikuwa barazani anakaanga maandazi ya kuuza.

"Karibu shemeji. Wewe ndiye Kefa wa Kifanya? Karibu, keti."

"Asante, shemeji. Hili gari ni bovu?"

"Gari ni zima. Mbovu ni dereva." Aligeuza andazi. "Tangu aniambie habari zile hajaligusa. Alinieleza analia, nami nikalia naye. Kisha mimi nikaamka, kwa sababu watoto wanakula. Yeye mpaka leo hajaamka. Alitoka jana tu, kavaa viatu vya Idi, nikadhani anakwenda kuoa. Akarudi amechoka, anasema amepandishwa mlima akaoneshwa mawingu." Akaelekeza kwa kijiko. "Yuko chumbani. Nenda, labda wewe atakusikia."

Kefa alisukuma mlango. Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa. Kitandani kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi kulikuwa na kilima ambacho Kefa angekipanda bila kuoneshwa njia, maana mwenyewe aliishi katika kimoja kama hicho.

"Hodi."

"Nani?" kilima kiliuliza.

"Mfano."

Blanketi lilishuka polepole. Halfan alikuwa amelala na kofia yake kichwani. Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani mpaka leo, lakini Safina barazani alisikia kishindo cha watu wawili wazima wanacheka kama punda, akaunguza maandazi.

"Sikiliza," Kefa alisema alipopata pumzi, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nimekuja kukwambia. Kile kilima nilikuwa sijakipanda tangu mwaka juzi. Mboga za majani sizipendi. Uliponigongea nilikuwa nimelala, kama wewe hivi. Sista kakosea."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ndugu yangu, mtu anayepanda kilima kila siku hamsimamishi mgeni mara zote zile kumwonesha ukungu."

"Sasa mbona hukusema?"

Halfan alijikuna chini ya kofia. "Kwa sababu ulipanda. Unatweta kama ng'ombe, na unapanda. Nikajisemea, huyu bwana anadanganya kwa miguu yake mwenyewe. Mtu mwingine angenidanganya akiwa amekaa." Akakunja ncha ya blanketi. "Sista anasema kitu hiki tulicho nacho kina jina. Sonona. Anasema wengi wa benchi letu la kliniki wanacho, nacho kinatibika, lakini hawakisemi kwa sababu wanadhani ni uvivu. Nikamwambia, jina zuri hivyo, ningezaa binti ningempa."

"Sonona," Kefa alisema taratibu. Basi kumbe lilikuwepo jina. Akajisikia kama mtu aliyekuwa anasukumwa gizani na sasa ameambiwa aliyekuwa anamsukuma ni fulani.

"Jambo moja lakini liliniuma," Halfan alisema, na sauti yake ikawa ndogo kweli. "Pale kilimani. Umenitambulisha mteja wa viazi."

"Nilipatwa na hofu."

"Najua. Lakini hapa Makambako nako, tangu uvumi uanze, rafiki zangu wakiniona wananisalimia kama mteja. Mambo vipi, wamepita. Nikasema huko kwa yule mtu angalau nitakuwa ndugu. Hata huko nikawa mteja. Na viazi vyenyewe nimevinunua!" Akainuka, akaegemea kiwiko. "Jumapili nitakuja, na nadhiri yangu iko palepale. Wewe niahidi jambo dogo. Wakikuuliza mimi ni nani, usiseme mteja. Sema tunakaa benchi moja kliniki. Mimi nimeridhia, unitaje."

"Nikisema hivyo, nimejitaja na mimi."

"Ndiyo. Na kwa kuwa Kifanya hawanijui, hasara yote ni yako. Sikufichi. Mimi zamu yangu itakuja hapa Makambako, na hapo hasara itakuwa yangu."

Kefa alitazama madirisha yaliyofungwa. Alifikiri juu ya kifua chake, uongo mzuri ambao kijiji kizima kilimsaidia kuubeba.

"Nitasema," alijibu. "Wakiniuliza."

Neno hilo la mwisho alilichomeka kwa ujanja. Watu wa Kifanya ni watu wenye haya, nani angeuliza? Gari la kurudi lilikuwa limeshapita Njombe ndipo alipokumbuka, na abiria wenzake wakashangaa kumwona mtu mzima anajipiga kofi la uso. Mzee Tarsis! Mzee wa kanisa Tarsis hakuwahi, tangu usharika uanzishwe, kumwacha mgeni aondoke bila kutambulishwa mbele ya watu wote, jina, atokako, na ni mgeni wa nani. Hata fundi aliyekuja kuziba paa Jumapili moja alishushwa kwenye ngazi akatambulishwa.

Jumapili ukungu uliondoka mapema. Baada ya ibada watu walitoka nje na kuzunguka rundo la mavuno: mahindi, kabichi, maboga, mikungu ya ndizi iliyotoka mabondeni, na kuku waliofungwa miguu wakilalamika. Kijana Remmy ndiye aliyekuwa mnadi tangu Kefa augue. Remmy alikuwa na roho nzuri na kipaji kibaya. Alinadi kwa kunong'ona, na akiona mtu anainua mkono kujikuna alimshukuru na kumbariki.

Kefa alisimama nyuma ya umati. Hulda alimsukuma kwa kiganja katikati ya mgongo, kwa upendo, kama mtu anavyosukuma ndama kwenye josho.

"Remmy," Kefa alisema, "nipishe kidogo."

Remmy aliruka chini ya kreti kwa haraka iliyoonesha kwamba alikuwa amemwomba Mungu jambo hilo.

Neno la kwanza la Kefa lilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. La pili likakwama. Kisha akanyanyua boga, akaliangalia, na boga nalo likawa kama linamwangalia.

"Ndugu zangu," alisema, "boga hili ninalifahamu. Limelelewa vizuri. Halina deni, halina maneno. Nani atalipeleka kwake?"

Mtu akacheka. Mwingine akainua mkono. Na sauti ikarudi, si yote, lakini ya kutosha. Boga likaenda, kabichi zikaenda, na Kefa alikuwa amemshika tetea mwekundu Fuso ilipoingia uwanjani ikipiga honi. Halfan akashuka, kofia nyeupe na viatu vya Idi, akapenya mpaka mbele.

"Elfu mbili nasikia, tetea huyu! Nani zaidi?"

"Elfu moja na mia tano!" Halfan alinguruma.

Umati ukageuka.

"Ndugu yangu," Kefa alisema, "hapa bei inapanda. Haishuki."

"Inapanda vipi na kuku mwenyewe kakonda? Elfu moja na mia sita, nimeongeza!"

Wazee walicheka wakashikana mabega. Walipomweleza utaratibu, Halfan aliuelewa kwa nguvu zake zote, akawashinda watu wote akamnunua tetea kwa bei ya mbuzi. Hapo Mzee Tarsis akamnong'oneza kwamba aliye na moyo hununua na kuirudisha sadaka inadiwe tena.

"Nimrudishe? Nimelipa!"

"Kwa moyo tu, baba."

"Ninyi watu mngefungua duka Makambako, mngetufukuza wote," Halfan alisema, na akamrudisha tetea kwa mkono wa polepole.

Ndipo ikafika zamu ya jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa mweusi, sadaka iliyoletwa na Hulda kwa jina la Kefa. Odilo alimtaka. Bibi Emilia, mjane wa upande wa mtoni, alimtaka pia. Walipandishana hadi elfu tatu, neno la mwisho likiwa la bibi, na Odilo alikuwa ameshainua mkono tena, Mzee Tarsis alipokohoa.

"Kabla hatujaendelea. Tunaye mgeni, na taratibu zetu tunazifahamu. Kefa, naona ni mgeni wako. Mtambulishe."

Jogoo alining'inia mikononi mwa Kefa, kimya. Watu walikuwa wanatabasamu, wamechangamka kwa kicheko, na Kefa aliona jinsi walivyomtazama: kama zamani. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo kutazamwa hivyo. Alitaka kubaki nako hata wiki moja tu.

"Huyo si ni mteja wa viazi!" Odilo alisema kwa msaada. "Namjua. Amenunua vyangu."

Kefa hakutakiwa hata kusema uongo. Uongo ulikuwa umeshasemwa na mtu mwingine. Yeye alitakiwa anyamaze tu. Halfan pale mbele hakumtazama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si mteja wa viazi," Kefa alisema.

"Na viazi vyangu je?"

"Viazi vyako atavichukua, Odilo. Lakini huyu ni Halfan, ndugu yangu, wa Makambako. Tunakaa benchi moja kliniki ya Njombe, siku ya Jumanne." Alisikia sauti yake ikitoka bila kutetemeka, akastaajabu. "Tuna virusi vya Ukimwi, yeye na mimi. Mmekuwa mkisema nina kifua. Sina kifua. Kifua changu ni kizima, mmekisikia leo. Kilichonilaza mwaka mzima ni moyo."

Remmy alifungua kitabu cha nyimbo, akakisoma kwa bidii, kikiwa kichwa chini. Akina mama wawili waliokuwa karibu na kreti walikumbuka jambo upande wa pili wa uwanja. Mkono wa Odilo ulikuwa bado uko juu. Ulishuka taratibu, ukaingia mfuko wa koti, ukabaki humo. Mzee Tarsis alikunjua leso, akaikunja tena.

Kefa alimwona kila mmoja. Kreti aliyosimama juu yake ilionekana ndefu kuliko kilima. Blanketi lake lilimwita kutoka nyumbani, kwa jina lake, kwa upole. Lakini mikononi alikuwa na jogoo, na jogoo hana pa kuwekwa mpaka auzwe.

"Tuliishia elfu tatu," alisema. "Mara ya kwanza."

Akamwinua jogoo juu zaidi.

"Elfu tatu, mara ya pili."

"Sasa unahesabu nini na mimi nilishasema!" Bibi Emilia alikuja mbele akisukuma watu kwa fimbo. "Elfu tatu nimesema toka zamani. Kefa, mwanangu, habari zako tumezisikia, Mungu akushike. Niletee jogoo, nina wakwe wanakuja, na huyu kadiri mnavyosimama anazeeka."

Alimchukua kutoka mikononi mwa Kefa, akampima uzito, akamtia kwapani. Hakurudisha sadaka. Alikwenda naye.

Mahali fulani nyuma mtu akacheka kidogo, kisha akajizuia. Nusu ya watu walikuwa wamebaki. Halfan alijipangusa uso kwa kofia yake, akamgeukia Hulda aliyekuwa analia waziwazi na kukasirika kwamba analia.

"Mama, jioni kwenu hapa mnakula saa ngapi? Wamesema vile vidonge, kwa tumbo langu hili, nisivimeze kabla ya kula."

"Saa moja," Hulda alisema, akipenga kamasi. "Na utakula mboga za majani, usije ukaleta mambo."

Juu ya kreti, Kefa aliinama kwenye rundo, akachukua kabichi, na akawatafuta kwa macho wale waliobaki.